Mguu Mmoja Ukivimba na Pumzi Ikakata: Namna ya Kutambua Damu Iliyoganda Mapafuni na Kumtunza Mgonjwa Nyumbani

Wifi yangu alikuwa katika wiki ya tatu ya arobaini yake, nyumbani kwa mama yake Tanga, baada ya kujifungua kwa upasuaji, shavu la mguu wake wa kushoto lilipoanza kuuma. Bibi aliyekuwa akimkanda kila asubuhi kwa maji ya moto alisema ni baridi, akauchua mguu ule kwa mafuta ya nazi siku mbili mfululizo. Siku ya tatu, wifi alipoinuka kwenda msalani, pumzi ilimkata ghafla, moyo ukamwenda mbio, akaketi sakafuni kabla hajaufikia mlango. Kituo cha kwanza tulichompeleka kilimtibu nimonia, kwa kuwa alikuwa akilalamika kichomi upande wa kulia; ni katika hospitali ya pili ambako daktari aliinua khanga, akautazama mguu, akauliza umevimba tangu lini. Damu ilikuwa imeganda mguuni, na bonge lilikuwa limepanda hadi mapafuni.

Alipona, na mtoto yule sasa anasoma. Lakini dalili zilikuwa mbele ya macho yetu siku tatu nzima, na hakuna hata mmoja wetu chumbani mle aliyejua maana yake. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya watu wa nyumbani: mume, mama mkwe, dada, jirani aliyekuja kuhani au kupongeza, yeyote ambaye huenda akawa wa kwanza kuuona mguu uliovimba. Hautibu, kazi yake ni kumfikisha mgonjwa kwa daktari mapema, akiwa na maelezo yanayofaa, na kisha kumsaidia atumie dawa zake bila kudhurika.

Kinachotokea mwilini

Damu iliyoshuka miguuni hurudi juu kwa msaada wa misuli ya mashavu ya miguu, ambayo kila tunapopiga hatua huzikamua vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, zilizo ndani yake, huku vilango vidogo vilivyomo katika vena hizo vikizuia damu isiteremke tena. Mtu asipotembea, pampu hiyo husimama na damu hutuama. Rudolf Virchow, daktari Mjerumani aliyezaliwa tarehe 13 Oktoba 1821, ndiye aliyeonyesha kwamba mabonge yanayokutwa mapafuni hutoka kwingine mwilini na kusafirishwa na damu, na hadi leo madaktari huzigawa sababu za kuganda kwa damu ndani ya mishipa katika mafungu matatu yanayoitwa kwa jina lake: damu kutuama, ukuta wa mshipa kujeruhiwa, na damu yenyewe kuwa rahisi kuganda kuliko kawaida. Siku yake ya kuzaliwa ndiyo inayoadhimishwa kila mwaka kuwa siku ya ugonjwa huu duniani.

Bonge likikatika kutoka kwenye vena ya mguu au ya nyonga, hupanda hadi upande wa kulia wa moyo, nao moyo hulisukuma kuelekea mapafuni, ambako hukwama pale njia inapokuwa nyembamba kuliko bonge lenyewe. Sehemu ya pafu iliyo mbele ya kizuizi hupata hewa lakini haipati damu ya kuichukua hewa hiyo, na ndiyo maana mgonjwa huvuta pumzi kwa nguvu zake zote, hewa ikaingia, na bado akahema kama mtu aliyetoka kukimbia. Bonge dogo linalofika pembezoni mwa pafu huumiza utando wake na kuleta kichomi, yaani maumivu makali kama ya kisu kila anapovuta pumzi. Kubwa linaloziba njia kuu huuelemea upande wa kulia wa moyo, shinikizo la damu likaporomoka, na mtu akazimia au akafa katika muda mfupi.

Si kila kinachoziba mishipa ya mapafu ni damu. Mfupa wa paja ukivunjika, kama inavyotokea kila siku katika ajali za bodaboda, mafuta kutoka kwenye uboho wake yanaweza kuingia katika damu na kwenda mapafuni, kwa kawaida ndani ya siku moja hadi tatu za mwanzo, na majeruhi akaanza kuhema, kuchanganyikiwa na kutokwa vipele vidogo vyekundu kifuani na kwapani. Tiba yake ni tofauti, lakini kwa mtu wa nyumbani hatua ni ile ile: kumwita daktari mara moja na kumweleza mabadiliko hayo yameanza saa ngapi.

Nani achungwe kwa karibu

Nitakaa zaidi kwa mama aliyejifungua, kwa sababu ndiye anayekutwa na ugonjwa huu akiwa kijana, mwenye afya, na mwenye mtoto mchanga kifuani. Mwili wa mjamzito hujiandaa mapema dhidi ya kutokwa damu nyingi wakati wa uzazi kwa kuifanya damu iwe rahisi kuganda. Wakati huohuo mfuko wa uzazi unaokua huzikandamiza vena za nyonga, hasa ya kushoto, na ndiyo sababu kwa wajawazito mguu wa kushoto huathirika mara nyingi zaidi kuliko wa kulia. Hatari hiyo haiishi mtoto akizaliwa. Kwa kuhesabu siku moja moja, huwa kubwa zaidi katika wiki sita za kwanza baada ya uzazi kuliko ilivyokuwa wakati wa mimba, na huongezeka tena kama mama alijifungua kwa upasuaji, alipoteza damu nyingi, alipata maambukizi, ana uzito mkubwa au amevuka miaka 35. Wiki sita ni siku 42. Ni arobaini yenyewe, na siku mbili juu yake.

Sina ugomvi na arobaini. Wazee walioiweka walijua kwamba mzazi anahitaji kulala, kula vizuri, kusaidiwa mtoto na kuepushwa na kazi nzito, na mengi ya hayo hospitali zetu haziwezi kumpa. Ninachoomba ni kwamba mapumziko yasigeuzwe kuwa kulazwa kitandani. Mama aliyefanyiwa upasuaji asaidiwe kuinuka na kupiga hatua mapema iwezekanavyo, mara wauguzi watakapomruhusu, na akirudi nyumbani atembee mwenyewe sebuleni na uani mara kadhaa kwa siku, anywe maji na uji wa kutosha, na anapokuwa amelala azungushe vifundo vya miguu na kukunja na kukunjua vidole vyake. Akandwe tumbo na mgongo ikiwa familia inapenda, lakini mguu unaouma upande mmoja usichuliwe wala kukandwa, kwa sababu mkono unaousugua unaweza kulikatua bonge lililokuwa limeshika mahali pamoja.

Wengine wa kuangaliwa ni mtu aliyelazwa kwa siku nyingi kwa ugonjwa wowote, hasa aliyevunjika nyonga au mguu na kuwekewa vyuma, uzito au plasta, mgonjwa wa saratani, mwenye selimundu, mwenye kifua kikuu au VVU, aliyewahi kupata bonge la damu kabla, au ambaye mzazi wake au ndugu yake wa damu aliwahi kulipata, na mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, yaani vile vyenye estrojeni ndani yake. Huyu wa mwisho asiviache ghafla kwa hofu bila njia mbadala, kwa sababu ujauzito wenyewe una hatari kubwa zaidi ya damu kuganda kuliko vidonge. Aende kliniki azungumze kuhusu njia isiyo na estrojeni, kwa mfano kitanzi au vijiti.

Kuuchunguza mguu

Miguu yote miwili kuvimba jioni ni jambo la kawaida kwa mjamzito na kwa anayesimama kutwa. Kinachotakiwa kukushtua ni mguu mmoja. Mlaze mgonjwa chali, miguu yote miwili wazi, mwanga ukiwa mzuri, na uitazame kwa pamoja badala ya kuutazama ule unaouma peke yake. Gusa kwa mgongo wa mkono: je, mmoja una joto kuliko mwenzake? Je, ngozi imebadilika rangi, imekaza na kung'aa? Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, hivyo joto na mng'ao hukuonyesha zaidi kuliko rangi. Bonyeza polepole kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, hesabu hadi kumi, achia, uone kama kishimo kimebaki upande mmoja tu.

Kisha chukua futi ya fundi cherehani. Chini kidogo ya kilegesambwa cha goti kuna kinundu cha mfupa kinachosikika kwa kidole. Kutoka hapo pima sentimita 10 kwenda chini, weka alama ya kalamu, na uzungushe futi kwenye shavu la mguu bila kuikaza. Fanya vivyo hivyo kwa mguu wa pili. Tofauti inayozidi sentimita 3 ni miongoni mwa vigezo vinavyotumiwa na madaktari wenyewe kukadiria uwezekano wa damu kuganda kwenye vena za ndani, nawe ukifika hospitalini na namba mbili zilizoandikwa kwenye karatasi, pamoja na saa uliyopima, utasikilizwa kwa namna nyingine. Hata hivyo futi isikupe utulivu wa bure: tofauti ikiwa ndogo lakini mguu unauma, una joto na umeanza kubadilika siku hizi mbili tatu, mpeleke hivyo hivyo. Na bonge lililo kwenye nyonga linaweza kuvimbisha paja zima au kuleta maumivu ya kinena na mgongo kabla shavu la mguu halijaonyesha chochote.

Watu wa mwambao wana sababu nyingine ya kuchanganyikiwa, nayo ni matende. Matende huongezeka taratibu kwa miezi na miaka, ngozi ikawa nene na ngumu, na mwenyewe huwa anaujua mguu wake tangu zamani. Bonge la damu huvimbisha mguu ndani ya saa au siku chache. Mtu mwenye matende naye anaweza kupata bonge, kwa hiyo hata kwake uvimbe mpya wenye maumivu hauelezwi kwa ugonjwa wa zamani.

Pumzi ikikata

Dalili za bonge lililofika mapafuni huanza kwa ghafla, na neno hilo "ghafla" ndilo la kulishikilia. Mtu aliyekuwa akizungumza vizuri asubuhi anahema mchana kwa kutoka kitandani tu hadi kwenye kiti. Pamoja na hilo huweza kuwapo kichomi, kikohozi, makohozi yenye michirizi ya damu, moyo kwenda mbio hata akiwa ametulia, kizunguzungu, jasho la baridi, au kuzimia. Si lazima zote ziwepo, na kwa wagonjwa wengi mguu huwa haukuonyesha kitu. Lakini pumzi iliyokata ghafla kwa mtu aliye katika makundi niliyoyataja inatosha yenyewe kuwa sababu ya kuondoka nyumbani saa hiyo hiyo.

Wakati mnatafuta usafiri, mketisheni akiwa ameegemea mito, mlegezee nguo zinazobana, asitembee hata hatua zile chache za kwenda barabarani ikiwa anaweza kubebwa kwa kiti. Akizimia, mlazeni na muangalie kama anapumua. Msimchue, msimpe aspirini kwa kubahatisha, na msimpandishe bodaboda akiwa katikati ya watu wawili, tafuteni gari. Kwa Tanzania, mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga wanaweza kuombewa usafiri wa dharura bila malipo kupitia mfumo wa m-mama kwa kupiga 115, na ni vizuri namba hiyo iandikwe ukutani kabla mimba haijafika mwisho. Mkiwa na kifaa cha kupima oksijeni kidoleni, andikeni namba iliyosomeka, lakini isiwazuie kuondoka hata ikiwa nzuri, kwa sababu mtu mwenye bonge anaweza kuwa na oksijeni ya kawaida kwa muda.

Cha kusema mkifika hospitalini

Hapa ndipo sisi tulipopoteza saa nyingi, kwa hiyo naomba msomaji apashike. Mtoa huduma aliyezidiwa na foleni husikia "kichomi na kikohozi" na mawazo yake huenda moja kwa moja kwenye nimonia, kwa sababu ndiyo anayoiona kila siku. Usianze na kichomi. Anza na jambo linaloongeza hatari, kisha mguu, kisha pumzi, kwa mpangilio wa siku: "Amejifungua kwa upasuaji wiki tatu zilizopita, tangu juzi mguu wa kushoto umevimba, huu sentimita 38, huu 34, leo asubuhi pumzi imekata ghafla." Baada ya hapo uliza kwa heshima na kwa uwazi, "Daktari, inawezekana damu imeganda kwenye mapafu?" Swali hilo halimvunjii mtu heshima. Mwambie pia dawa zote anazotumia, za hospitali na za miti shamba, na kama amewahi kupata vidonda vya tumbo au kutokwa damu ubongoni.

Dokezo moja ambalo hata watu wa nyumbani wanaweza kulishuhudia ni hili: mgonjwa anahema sana, lakini daktari akisikiliza kifua anakikuta safi, na eksirei nayo haionyeshi cha kueleza hali ile. Mahangaiko makubwa na picha safi ni vitu viwili visivyoendana, na vikikutana ni sababu ya kulitafuta bonge. Kipimo kinacholionyesha moja kwa moja ni CT scan ya mishipa ya mapafu, ambayo huhitaji dawa maalumu kudungwa mshipani ili mishipa ionekane. Mgonjwa aseme mapema kama ana ugonjwa wa figo au aliwahi kudhurika na dawa hiyo. Mjamzito asikatae kipimo kwa hofu ya mionzi ikiwa daktari ameona kinahitajika, kwa kuwa kiasi kinachomfikia mtoto ni kidogo mno kulinganisha na hatari ya kumwacha mama bila kutambuliwa, na anayenyonyesha anaweza kuendelea kunyonyesha.

Mashine ya CT scan haipatikani kila wilaya, na familia nyingi huambiwa zisubiri rufaa. Wakati wa kusubiri hiyo, ulizeni kuhusu ultrasaundi ya vena za mguu, ambayo hupatikana mahali pengi zaidi: ikionyesha bonge mguuni kwa mtu aliyekatwa na pumzi, tiba inaweza kuanza bila kungoja picha ya mapafu, kwa kuwa dawa ni ile ile. Kipimo cha eko cha moyo nacho kinaweza kuonyesha upande wa kulia wa moyo umeelemewa. Kipimo cha damu cha D-dimer husaidia kuuondoa ugonjwa pale ambapo uwezekano wake ni mdogo, lakini hupanda chenyewe kwa mjamzito, kwa aliyetoka kujifungua au kupasuliwa, hivyo matokeo ya juu peke yake hayathibitishi chochote kwao. Daktari mwenye shaka kubwa anaweza kuanza sindano ya kwanza kabla ya kipimo chochote, na kufanya hivyo ni sahihi.

Dawa, na siku baada ya siku

Dawa hizi watu huziita za kuyeyusha damu, na jina hilo hupotosha. Zipo dawa za kuyeyusha bonge kweli, nazo hutolewa hospitalini kwa mgonjwa ambaye shinikizo lake la damu limeporomoka, kwa sababu zinaweza kusababisha kutokwa damu kwa wingi. Zile anazorudi nazo nyumbani hulizuia bonge lisikue na jingine lisianze, huku mwili wenyewe ukilimega lile la zamani kidogo kidogo kwa wiki na miezi. Mgonjwa asiyeelewa hili huacha dawa siku anayopata nafuu. Tiba huchukua angalau miezi mitatu, na kwa baadhi ya watu huwa ya maisha.

Mara nyingi huanza na sindano za enoksaparini chini ya ngozi ya tumbo, na si ajabu familia ikafundishwa kuzidunga yenyewe. Nawa mikono. Mgonjwa alale au aegemee. Chagua mahali pembeni mwa tumbo, angalau sentimita 5 kutoka kitovuni na mbali na kovu la upasuaji, kesho yake uhamie upande wa pili. Finya ngozi kwa vidole viwili ipate kunyanyuka, ingiza sindano yote ikiwa wima, sukuma dawa taratibu, na usiiachie ngozi hadi sindano imetoka. Kiputo cha hewa kilichomo kwenye bomba lililojazwa kiwandani hakiondolewi, ikiwa bomba zima ndilo linalodungwa. Usisugue baada ya kudunga. Kusugua ndiko kunakoleta madoa makubwa meusi ya damu iliyovia chini ya ngozi. Bomba lililotumika litiwe kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko na kurudishwa kituo cha afya.

Akianzishiwa warfarini, yaani vidonge vya kuzuia damu kuganda, sindano hazikomi siku hiyo. Warfarini huchelewa kufanya kazi, kwa hiyo hivi viwili hutumika pamoja kwa siku tano au zaidi, hadi kipimo cha INR kifike 2 na kubaki hapo. Najua sindano ni ghali, na najua familia zinazoamua kuziacha siku ya pili kwa kuwa "vidonge vimeshapatikana". Siku hizo za katikati ndizo ambazo mgonjwa hana kinga. Fedha ikiwa pungufu, mwambieni daktari mapema ili atafute njia, msiamue wenyewe chumbani.

INR hueleza damu inachukua muda gani kuganda. Kwa mtu asiyetumia dawa huwa karibu na 1, na kwa mgonjwa huyu hutakiwa iwe kati ya 2 na 3. Chini ya hapo bonge linaweza kurudi. Juu zaidi, hasa ikivuka 5, damu inaweza kutoka hovyo. Hupimwa mara kwa mara mwanzoni, kisha kwa kuachana kadiri inavyotulia. Nunua daftari dogo la kurasa chache, andika tarehe, namba iliyotoka, na kipimo cha dawa alichoambiwa, kwa sababu karatasi za maabara hupotea na daktari wa zamu hubadilika. Sisi tulimpangia wifi ameze kidonge chake taarifa ya habari ya saa mbili usiku inapoanza, naye hakusahau hata mara tatu katika miezi sita. Akisahau na akakumbuka kabla ya kulala, ameze. Akikumbuka kesho yake, aandike daftarini kwamba alisahau na aendelee na dozi ya siku hiyo tu, bila kumeza mbili. Rangi za vidonge hutofautiana kwa kiwanda, hivyo soma miligramu zilizoandikwa kwenye pakiti, kila unaponunua.

Kuhusu mboga, nimesikia wagonjwa wakikatazwa mchicha kabisa, na hilo si sahihi. Mchicha, kisamvu, matembele, majani ya maboga na sukuma wiki vina vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya warfarini, lakini daktari hupanga dozi kulingana na anachokula mgonjwa. Kinachoharibu hesabu ni kula mboga kila siku kwa wiki mbili kisha kuziacha, au kinyume chake. Ale kama alivyozoea, kwa kiasi kinachofanana. Hatari kubwa zaidi iko dukani: diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huongeza uwezekano wa kutokwa damu; metronidazoli, Septrin na flukonazoli huipandisha INR; rifampisini ya kifua kikuu huishusha. Kwa maumivu atumie parasetamoli kwa kiasi cha kawaida, asichomwe sindano ya kwenye makalio bila kutaja warfarini kwanza, na miti shamba aiweke kando. Kila dirisha la dawa analosimama aseme, "Natumia warfarini," kabla hajasema anachoumwa.

Yupo atakayemwambia kwamba hiyo ni sumu ya panya. Ni kweli kwamba warfarini iliuzwa kwanza kwa kuua panya mwaka 1948, baada ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, kuchunguza kwa nini ng'ombe waliokula majani yaliyooza walikuwa wakivuja damu hadi kufa. Na ni kweli pia kwamba mwaka 1954 iliidhinishwa kwa binadamu, na tangu hapo imewalinda watu wasiohesabika. Kipimo ndicho kinachotenganisha tiba na sumu, na ndiyo sababu ya daftari lile.

Wapo wanaopewa rivaroksabani au apiksabani, ambazo hazihitaji INR. Ni nafuu kwa anayeishi mbali na maabara, ila zina mtego wake: dozi ya mwanzo ni kubwa, ya rivaroksabani kwa siku 21 na ya apiksabani kwa siku 7, kisha hubadilika, na mgonjwa asiyeandikiwa tarehe ya kubadilisha huchanganya. Rivaroksabani ya tiba humezwa pamoja na chakula. Kinga yake huisha mwilini kwa haraka, kwa hiyo pakiti isingoje kuisha ndipo pesa itafutwe. Anayenyonyesha anaweza kutumia warfarini au sindano kwa usalama; hizi mpya hazishauriwi kwake, wala kwa mjamzito.

Arudi hospitalini mara moja akitokwa damu puani kwa zaidi ya dakika kumi huku akiibana, akipata choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, hedhi isiyo ya kawaida yake, au akigonga kichwa hata kama anajisikia vizuri.

Safari ndefu

Utafiti uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2007 ulionyesha kwamba safari ya kukaa kwa saa nne au zaidi, iwe ya ndege, basi au gari, huongeza hatari ya bonge karibu mara mbili, ingawa kwa mtu mwenye afya hubaki ndogo, takriban mmoja kati ya 6,000. Kwa aliyewahi kuugua, basi la kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni jambo la kupangwa: akate tiketi ya kiti cha pembeni mwa njia, ashuke kila basi linaposimama kuchimba dawa, anywe maji hata kama anaogopa kuomba choo, na amuulize daktari wake kabla kuhusu soksi za kubana.

Baada ya miezi mitatu

Usiache dawa kwa sababu miezi imetimia. Rudi upimwe, daktari aamue. Anayeendelea kuhema akipanda ngazi baada ya miezi mitatu ya tiba iliyofuatwa vizuri aseme hivyo kwa sauti, kwani kwa wachache mabonge hayamegeki yote, hugeuka makovu ndani ya mishipa ya mapafu, na shinikizo humo hupanda mwaka hadi mwaka. Hali hiyo huchunguzwa kwa eko na kwa picha maalumu, na ina tiba yake. Mguu nao unaweza kubaki mzito na wenye kuvimba jioni kwa muda mrefu. Autie juu ya mto anapolala, na auangalie ngozi yake isichubuke.

Mwanamke anayetumia warfarini atumie njia ya uzazi wa mpango isiyo na estrojeni, kwa sababu warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12, wakati ambao wengine hata hawajajua kwamba wana mimba. Akikosa hedhi apime mapema, na asiache dawa bila kumwona daktari, ambaye atambadilishia sindano. Na mimba inayofuata, hata ikiwa miaka kumi baadaye, neno la kwanza siku ya kwanza ya kliniki liwe kwamba aliwahi kuganda damu, ili apangiwe sindano za kinga wakati wa ujauzito na wiki sita baada ya kujifungua. Wifi yangu alipokwenda kuandikishwa kwa mtoto wa pili, alimwomba muuguzi aliandike jambo hilo kwa wino mwekundu kwenye jalada la kadi, juu kabisa, mahali ambapo hata mtu asiyeifungua ataliona.